Kati ya imani na sayansi usimame wapi? Misimamo minne ikilinganishwa

Kijana aliyefundishwa nyumbani kwamba Mungu ameumba mbingu na nchi, kisha akaambiwa darasani kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 na dunia miaka bilioni 4.5, hana budi kuyatafutia mafundisho hayo mawili mahali pa kukaa. Yupo atakayechukua moja na kulitupa jingine. Yupo atakayeyatenga yasionane kabisa. Yupo atakayeyachanganya mpaka yawe kitu kimoja, na yupo atakayeyakalisha pamoja yaulizane maswali.

Mafungu haya manne yamezoeleka kwa wanaochunguza uhusiano wa dini na sayansi. Aliyeyapanga hivyo ni Ian Barbour (1923–2013), Mmarekani aliyekuwa mwanafizikia na mwanateolojia kwa pamoja. Hapa nitayaita mgongano, utengano, muungano na mazungumzo. Mimi ni muumini na ninaipenda sayansi, kwa hiyo nina upande. Hata hivyo nimejitahidi kuupima kila msimamo kwa vipimo vilevile vitatu. Je, unasema kweli kuhusu yaliyotokea katika historia? Sayansi ikibadili kauli kesho, anayeushika atabaki na nini? Na mgonjwa aliyelazwa akiuliza afanyeje, atajibiwa nini?

Mgongano

Huu ndio msimamo unaosikika kuliko yote, kwa kuwa una makelele. Una kambi mbili zisizopikika chungu kimoja. Ya kwanza inasema sayansi imekwisha kuishinda dini, na kilichobaki ni watu kukubali tu. Ya pili inasema Maandiko yachukuliwe neno kwa neno, na sayansi ikisema tofauti basi imekosea. Ajabu ni kwamba kambi hizi mbili zinakubaliana katika jambo la msingi: zote zinaamini kuwa Mungu na maelezo ya kisayansi wanagombea nafasi moja, na mmoja akiingia mwingine lazima atoke.

Shahidi mkuu anayeitwa kila mara ni Galileo, mwanafalaki wa Italia. Mwaka 1610 alitangaza kwamba kwa darubini yake ameona miezi minne ikiizunguka sayari ya Jupiter. Mwaka 1616 Kanisa Katoliki lilikizuia kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543, kilichosema dunia hulizunguka jua, mpaka kisahihishwe, na Galileo akaonywa. Mwaka 1633 alishtakiwa Roma, akalazimishwa kuikana kauli yake, na akakaa kifungo cha nyumbani hadi alipofariki mwaka 1642. Lilikuwa kosa kubwa. Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani mwaka 1992 kwamba waliomhukumu Galileo walikosea, na hakuna sababu ya muumini yeyote kulitetea leo.

Lakini isome kesi ile kwa makini uone kama kweli ni vita vya dini na sayansi. Copernicus alikuwa kanoni, yaani mjumbe wa baraza, wa kanisa kuu la Frombork, Poland. Galileo mwenyewe alikufa Mkatoliki. Mwaka 1615, katika barua ndefu aliyomwandikia Christina wa Lorraine, alitaja neno alilolisikia kwa mmoja wa wakuu wa Kanisa, kwamba Roho Mtakatifu alikusudia kutufundisha namna ya kwenda mbinguni, si namna mbingu zinavyokwenda. Mwaka huohuo Kadinali Bellarmine aliandika kwamba kama ungeletwa uthibitisho wa kweli wa dunia kulizunguka jua, ingebidi kurudi kwenye Maandiko na kuyafasiri upya kwa uangalifu. Aliona tu kwamba uthibitisho huo haujaletwa, na kwa hilo hakuwa mbali na ukweli. Hoja ambayo Galileo aliitegemea sana, ya kupwa na kujaa kwa bahari, haikuwa sahihi. Ule msogeo mdogo wa nyota ambao ungetarajiwa kama dunia inazunguka haukupimwa mpaka mwaka 1838, na Friedrich Bessel. Kudai ushahidi hakukuwa dhambi ya majaji wale. Dhambi yao ilikuwa kumziba mtu mdomo.

Picha ya vita visivyokoma ilienezwa zaidi katika karne ya 19, hasa na Wamarekani wawili, John William Draper mwaka 1874 na Andrew Dickson White mwaka 1896. Wanahistoria wengi wa sayansi wa leo hawaikubali. Hadithi kwamba wasomi wa Kikristo wa Zama za Kati waliamini dunia ni bapa, kwa mfano, haina msingi: vyuo vikuu vya Ulaya vilikuwa vikifundisha kwamba dunia ni mviringo tangu karne ya 13. Kwa kipimo cha historia, basi, mgongano unaanguka.

Hauanguki wote, hata hivyo, na hapa wapenda amani hupenda kupita haraka. Ipo migongano ya kweli. Askofu mkuu James Ussher alipiga hesabu mwaka 1650 akapata kwamba uumbaji ulianza Oktoba ya mwaka 4004 kabla ya Kristo. Mwaka 1956 Clair Patterson, kwa kupima madini ya risasi yaliyomo katika vimondo, alipata umri wa dunia wa miaka bilioni 4.55. Haiwezekani wote wawili wawe sahihi. Anayesema dunia ina miaka 6,000 ametoa dai la kupimika, limepimwa, nalo limeshindwa. Vivyo hivyo mwanasayansi anayesema hakuna chochote isipokuwa maada ametoka nje ya maabara na kuingia kwenye falsafa. Ana haki ya kuingia huko, ila asiende na koti jeupe ili tumwamini zaidi.

Kipimo cha pili ndicho kinachonitia hofu kuhusu msimamo huu. Mtoto anayeambiwa kwamba mageuko ya viumbe yakiwa kweli basi Mungu hayupo, amepewa imani iliyowekwa rehani. Siku atakapoona mwenyewe mfuatano wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, kwenye matabaka ya miamba, na namna jeni za viumbe mbalimbali zinavyofanana kwa ngazi za ukoo, rehani itadaiwa. Atadhani sayansi ndiyo iliyomnyang'anya Mungu, wakati walioweka sharti hilo walikuwa watu wake mwenyewe.

Utengano

Msimamo wa pili unasema tugawane kazi. Sayansi ieleze ulimwengu umekaaje na unaendaje. Dini ieleze tunaishi kwa ajili ya nini na lipi ni halali kutenda. Stephen Jay Gould, mtaalamu wa visukuku ambaye mwenyewe hakuwa mtu wa dini, aliutetea kwa nguvu mwaka 1997. Alitaka kila upande uheshimu mpaka wa mwenzake.

Nauheshimu sana msimamo huu, kwa sababu ndivyo kazi ya sayansi inavyofanyika kila siku. Mwaka 1979 Tuzo ya Nobel ya fizikia ilikwenda kwa watu watatu: Abdus Salam, Steven Weinberg na Sheldon Glashow, kwa nadharia inayounganisha nguvu ya sumaku-umeme na nguvu dhaifu ya ndani ya atomu. Salam alikuwa mtu wa swala ambaye kwenye hotuba yake katika karamu ya tuzo alisoma aya za Qurani. Weinberg hakuamini Mungu na hakuficha. Salam na Weinberg kila mmoja alifika kwenye nadharia ileile kwa njia yake, na ukiusoma mlinganyo peke yake hutajua ni wa muumini au wa asiyeamini. Mwanasayansi haingizi malaika kwenye hesabu zake, na kutowaingiza si kuwakana.

Aliyeuishi msimamo huu kwa heshima kuliko wote ninaowajua ni Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka kitu kimoja kidogo kilichosongamana mno. Baadaye nadharia hiyo ikaitwa mlipuko mkubwa. Fikiria jinsi ambavyo padri angeweza kuitumia mimbarani! Mwaka 1951 Papa Pius XII alikaribia kufanya hivyo. Akihutubia chuo cha sayansi cha Vatikani, alisema kwa furaha kwamba sayansi imefika kuishuhudia ile saa ya "iwe nuru". Lemaître hakupendezwa. Kwake nadharia ile ilisimama nje kabisa ya maswali ya dini, na mtu asiyeamini angeweza kuikubali au kuikataa bila kugusa kutoamini kwake. Mwaka uliofuata, alipozungumza na wanafalaki waliokutana Roma, Papa hakulirudia dai lile.

Hofu ya Lemaître ilikuwa na maana. Fred Hoyle, mwanafalaki Mwingereza asiyeamini Mungu, aliipinga nadharia hiyo kwa miaka mingi, na moja ya mambo yaliyomkera ni kwamba ilinusa dini. Mwaka 1965 mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu yalipogunduliwa, suala liliamuliwa na antena ya redio, na Lemaître alipata habari hizo muda mfupi kabla ya kufariki mwaka 1966. Kama angekuwa ameifunga imani yake kwenye nadharia hiyo, ingekuwa imening'inia kwa miaka zaidi ya thelathini ikisubiri antena.

Kwa kipimo cha pili, basi, utengano unashinda wazi. Unatetereka kwenye cha tatu. Dini hazikuishia kusema juu ya maadili. Zinasema pia kwamba mambo fulani yametokea duniani, kwamba Mungu husikia dua, kwamba mtu ni zaidi ya nyama na mifupa. Ukimwambia muumini aondoe hayo yote abaki na mafundisho ya tabia njema, umemnyang'anya dini yake kwa adabu. Sayansi nayo haikai upande wake wa mpaka. Mwaka 2018 mwanasayansi He Jiankui alitangaza nchini China kuzaliwa kwa watoto waliobadilishwa jeni wakiwa bado viinitete, na dunia nzima ikauliza kama lile ni halali. Swali hilo halijibiwi na upande mmoja ukiwa umemfungia mwenzake mlango.

Muungano

Huu unavutia mno. Unasema ukweli ni mmoja, kwa hiyo sayansi na Maandiko visomwe kama maelezo ya jambo moja: sayansi imthibitishe Mungu, na Kitabu kieleze sayansi. Namwelewa anayeutamani. Moyo wa muumini unataka kuona mkono wa Mwenyezi Mungu kila mahali. Shida ni njia zinazotumiwa.

Njia ya kwanza ni kumweka Mungu kwenye pengo la maarifa. Isaac Newton, ambaye sheria zake za mwaka 1687 zilieleza mwendo wa sayari, aliona sayari zinavutana na kuhofu kwamba mpangilio wao ungeharibika pole pole mpaka ungehitaji kurekebishwa. Aliacha nafasi ya Mungu kuurekebisha. Miaka ya 1780 Pierre-Simon Laplace, mwanahisabati Mfaransa, alionyesha kwamba kasoro kubwa iliyoonekana katika mwendo wa Jupiter na Saturn hujirudia na kujisawazisha yenyewe katika mzunguko wa takriban miaka 900. Pengo likazibwa, na Mungu aliyewekwa humo akakosa kazi. Hili limetokea mara nyingi. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Ujerumani, aliandika akiwa gerezani mwaka 1944 kwamba tumtafute Mungu katika yale tunayoyajua, si katika yale tusiyoyajua. Sijaona onyo bora zaidi ya hilo.

Njia ya pili ni kusoma ugunduzi ndani ya aya baada ya ugunduzi kutokea. Waislamu wameitumia, Wakristo wameitumia. Aya inayozungumza juu ya mbingu hugeuzwa kuwa habari ya kupanuka kwa ulimwengu, mstari wa Zaburi hugeuzwa kuwa elimu ya bahari. Lakini tafsiri hiyo huja nyuma ya maabara, haiji mbele. Na nadharia ikirekebishwa, je, aya nayo tutaifanyaje? Al-Shatibi, mwanazuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka 1388, alikwisha kuwapinga waliotaka kuona kila elimu ndani ya Qurani. Alishikilia kwamba aya isomwe kama walivyoielewa wale walioteremshiwa kwa mara ya kwanza. Kukataa njia hii si kuidharau Qurani wala Biblia. Ni kukataa kuzitundika kwenye msumari uliopigiliwa na watu.

Njia ya tatu ni kumwita Mungu maabara. Mwaka 2006 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya jaribio kubwa la maombi, lililohusisha wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita. Waligawanywa kwa kubahatisha katika mafungu matatu. Wa kwanza waliombewa, lakini waliambiwa tu kwamba huenda wakaombewa au wasiombewe. Wa pili hawakuombewa, nao waliambiwa vivyo hivyo. Wa tatu waliombewa na wakahakikishiwa hivyo. Waombaji walikuwa vikundi vya Wakristo wasiowajua. Walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya jina la ukoo, wakaomba kwa siku 14 kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji. Waliopata matatizo ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 52 katika fungu la kwanza, asilimia 51 katika la pili, na asilimia 59 katika lile lililojua kwamba linaombewa.

Wapinzani wa dini walishangilia. Waumini wengine walitafuta kasoro. Nadhani wote walikosea swali. Hakuna mtafiti awezaye kumzuia mama wa mgonjwa wa fungu la pili asipige magoti usiku, kwa hiyo fungu la "wasioombewa" halikuwapo kamwe. Zaidi ya hilo, Mungu wa Waislamu, Wayahudi na Wakristo si kemikali inayotoa jibu lilelile kila ikichanganywa. Kumbukumbu la Torati lilikwisha kuonya: msimjaribu Bwana, Mungu wenu. Hata hivyo jaribio lile linatufundisha jambo moja zito. Yeyote anayemwahidi mgonjwa kwamba maombi yatapunguza kwa uhakika matatizo ya upasuaji, au kwamba aache upasuaji aje aombewe, anaahidi kitu ambacho hana.

Mahakama moja ya Pennsylvania, Marekani, ilionyesha mpaka wa muungano kwa namna nyingine. Mwaka 2005 wazazi 11 wa wilaya ya Dover walipinga mahakamani shule zao kuingiza kwenye somo la baiolojia wazo la kwamba viumbe lazima viwe na msanifu. Miongoni mwa mashahidi waliowaunga mkono wazazi walikuwamo Kenneth Miller, mwanabiolojia Mkatoliki, na John Haught, mwanateolojia Mkatoliki. Waumini hawa walisimama kizimbani kueleza kwamba lile si sayansi, na jaji akakubali.

Mazungumzo

Nimeuacha mwisho msimamo ninaouchagua. Unakubali kwamba sayansi na imani ni kazi mbili tofauti, kama unavyosema utengano. Lakini unaongeza kwamba wanaozifanya ni watu walewale, wanaoishi katika dunia ileile, na yako mambo ambayo mmoja hawezi kuyamaliza bila kumuuliza mwenzake.

Historia imejaa mazungumzo haya, ila hayana kelele kwa hiyo hayasimuliwi. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume Muhammad, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume akawaambia kwamba jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Karne kadhaa baadaye mwanazuoni al-Ghazali, katika kitabu kilekile alichowashambulia wanafalsafa mwaka 1095, aliandika kwamba hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi zimethibitika, na anayezipinga akidhani anaitetea dini ndiye anayeidhuru. Kwa upande wa Wakristo, askofu Augustino alikwisha kuonya mapema katika karne ya 5 kwamba ni aibu kwa muumini kuzungumza upuuzi juu ya nyota na viumbe mbele ya mtu asiyeamini lakini anayeyajua mambo hayo.

Mazungumzo yaliingia hadi ndani ya nyumba za ibada. Ibn al-Shatir (1304–1375) alikuwa mtunza nyakati za swala katika Msikiti wa Umayya, Damascus. Mpangilio wake wa hesabu wa mwendo wa mwezi unafanana na ule alioutumia Copernicus karne mbili baadaye. Kalenda tunayoitumia ilirekebishwa mwaka 1582 kwa sababu Pasaka ilikuwa imesogea mbali na majira yake, na siku kumi zikafutwa: baada ya Oktoba 4 ikaja Oktoba 15. Mwaka 1655 Giovanni Domenico Cassini alichora mstari wa yapata mita 67 kwenye sakafu ya kanisa la San Petronio mjini Bologna. Tundu dogo juu ya paa lilipitisha mwale wa jua, na kila adhuhuri doa la mwanga liliukata mstari mahali tofauti kadiri majira yalivyobadilika. Kwa kupima upana wa doa lile mwaka mzima, Cassini alipata ushahidi ulioelekea upande wa hesabu za Kepler, mwanafalaki Mjerumani aliyeshikilia kwamba dunia hulizunguka jua. Vipimo hivyo vilifanyika ndani ya kanisa, katika eneo lililotawaliwa na Papa, miaka 22 tu baada ya hukumu ya Galileo.

Mfano ulio hai mpaka leo ni wa mwezi kuandama. Mwezi mmoja wa kuandama una wastani wa siku 29.53, na saa ya mwezi kuzaliwa, yaani unapopita kati ya dunia na jua, hujulikana kwa hesabu miaka mingi kabla. Lakini kuzaliwa si kuonekana. Mwezi wenye umri wa chini ya saa 15 ni mgumu mno kuonekana kwa macho matupu, hata kwa mtazamaji hodari. Je, Ramadhani ianze kwa hesabu au kwa kuona? Uturuki hufuata hesabu. Saudi Arabia hupokea ushahidi wa walioona. Sayansi inaweza kusema kwa uhakika mkubwa kwamba jioni fulani mwezi hauwezi kuonekana mahali fulani, na kwa hiyo aliyeshuhudia amekosea. Haiwezi kusema kama agizo la kufunga kwa kuuona mwezi linatimizwa na jicho au na hesabu. Hilo ni la mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria za Kiislamu. Anayejua kuyatenga maswali haya mawili, kisha akayaleta pamoja mezani, amekwisha kuelewa mazungumzo ni nini.

Nayo yameokoa roho za watu. Ebola ilipoipiga Guinea, Sierra Leone na Liberia, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2014 kwamba angalau asilimia 20 ya maambukizi mapya yalitokea mazikoni. Maiti ya mgonjwa wa Ebola ina virusi vingi, na kuiosha kwa mikono ni hatari kubwa. Mwanzoni timu za afya zilizika haraka bila ibada. Familia zikaficha wafu wao na kuwazika usiku. Novemba mwaka huo ulitolewa mwongozo mpya wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na mashirika ya Kiislamu na ya Kikristo. Kwa Muislamu, badala ya kuoshwa kwa maji, Muislamu mwenzake aliyevaa kinga angeweza kumtayamamisha marehemu, yaani kumtwaharisha bila maji, juu ya mfuko wa maiti, na sanda nyeupe ikawekwa. Familia ikahudhuria, dua ikasomwa. Madaktari peke yao wasingejua kwamba tayamamu inaruhusiwa. Masheikh peke yao wasingejua kirusi kinaishi muda gani kwenye mwili.

Mazungumzo yana udhaifu wake. Ni ya polepole, yanahitaji watu walioiva pande zote mbili, na watu hao ni haba. Mara nyingine neno hili hutumiwa na wasiotaka kusema wazi kwamba dai fulani limeshindwa. Mazungumzo yasiyomruhusu mtu kuambiwa "hapo umekosea" ni adabu tu.

Ukiyaweka bega kwa bega

Chukua kisukuku kipya kilichochimbuliwa leo. Mwenye mgongano atauliza kinamuumiza nani. Mwenye muungano ataanza kupekua aya inayokitaja. Mwenye utengano atasema hakimhusu padri wala sheikh, na hatakuwa amekosea sana. Mwenye mazungumzo atakiacha kwanza kwa wataalamu wa visukuku, kisha atauliza kama kinabadilisha chochote katika namna tunavyomwelewa mwanadamu.

Sasa chukua mgonjwa ambaye ubongo wake umekufa na pumzi yake inaendeshwa na mashine. Hapa utengano unakwama: daktari anaweza kupima kama shina la ubongo linafanya kazi, lakini familia inauliza kama baba amekufa, na wote wawili wanazungumza juu ya mwili mmoja. Mwaka 1986 mafakihi waliokutana Amman chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu walijadili jambo hili pamoja na madaktari, wakakubali kwamba ubongo wote ukiacha kazi kabisa bila matumaini ya kurudi, na madaktari bingwa wakathibitisha, mtu huyo huhesabiwa amekufa. Wako wanazuoni wasiokubaliana nao mpaka leo. Hata kutokubaliana kwao kunajengwa juu ya vipimo vilevile, na hilo ni afadhali kuliko mabishano ya watu wasiosikilizana.

Kwa mwanafunzi au mtafiti, ushauri wangu ni utengano ukiwa kazini: pima, hesabu, chapisha, na usimwombe Mungu akusaidie kurekebisha takwimu. Kwa mzazi na mwalimu wa dini, kwepa mgongano kwa nguvu zako zote. Mtoto akiuliza juu ya mageuko, mwambie ushahidi wake ni mwingi, na mtafutie waumini wanaoufanyia kazi, kama Francis Collins, Mkristo aliyeongoza mradi wa kusoma jenomu ya binadamu hadi ulipokamilika mwaka 2003. Kwa mhubiri, tahadhari na muungano, hasa siku ambayo ugunduzi mpya unaonekana kuisaidia hoja yako. Lemaître aliogopa siku kama hiyo.

Na kwa aliye na mgonjwa leo, chagua mazungumzo bila kusita. Dawa ziendelee kama zilivyoandikwa. Mwite imamu au mchungaji aje, mwambie muuguzi mapema kwamba mtahitaji muda wa dua, na kama daktari amependekeza jambo linalogusa dini yenu, waulize wote wawili wakiwa chumba kimoja, ili kila mmoja asikie jibu la mwenzake.